Mwanamke wa Mizani wa Rocca Lamone

Mimi ni mtu wa Bassani, timu ya mbio za magari ya hapa kwetu. Nilizaliwa mtu wa Bassani, nikabatizwa mtu wa Bassani, na mke wangu alijua hivyo kabla hajanikubali. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kudai kwamba namsifu Nerina Gualandi kwa sababu nachukia timu yetu. Naipenda mpaka leo. Lakini kati ya watu wote niliowaona pale uwanjani kwa miaka niliyotangaza mbio, madereva, mafundi na matajiri wa miwani myeusi, hakuna ninayemvulia kofia kama yule mwanamke wa mizani.

Nerina alikuwa mnene wa mabega, mwenye sauti ya kufukuza kuku. Siku za kazi alipima matrela ya mapichi kwenye ushirika wa wakulima, na huko alishakutana na hila zote za dunia. Kuna waliomwagia maji makreti. Kuna waliojaza mawe chini. Mkulima mmoja alizoea kumwacha baba mkwe wake amekaa juu ya matunda, eti miguu inamuuma.

"Babu, shuka," Nerina alimwambia. "Leo hatununui wazee."

Wale wakulima walimtukana usoni, kisha msimu uliofuata wakapanga foleni kwenye mizani yake hata kama ya jirani ilikuwa tupu. Nilimuuliza mmoja wao sababu. Akanijibu kwamba akipimwa na Nerina hulala usingizi, maana anajua na jirani yake amepimwa vilevile.

Mzee aliyekuwa akipima magari ya mashindano alipostaafu, Nerina akaombwa aishike kazi hiyo. Mzee yule alikuwa mtu wetu. Divai yake aliinywea gereji ya Bassani, na mlango wa mizani aliufungua Bassani walipokuwa tayari. Wengine walisukuma magari yao kwenda kupimwa yakiwa bado yanafuka moshi. Sisi tulikwenda tukishapumzika. Tena si hilo tu. Gereji ya kwanza ilikuwa yetu. Alhamisi tulifanya mazoezi uwanjani wengine wakiwa nje ya geti. Kanuni mpya ililetwa kwetu kwanza, tuionje kama mchuzi, na isipotupendeza inarudishwa jikoni. Na tuliona ni haki kabisa! Bila Bassani nani angepanda milima kuja kutazama mbio Rocca Lamone?

Siku ya kwanza tu Nerina alifunga geti la mizani dakika ileile kwa kila mtu. Bassani wakafika wamechelewa, wakalikuta limefungwa, wakalipa faini. Tulinung'unika. Kisha akaanzisha mtindo wake: kabla gari halijapanda, dereva mwenyewe atazame mizani na atamke kwa sauti, "Sifuri." Asipotamka, hapimwi. Madereva walimcheka, lakini walitamka.

Mwaka huohuo, katika mbio za mwisho za msimu, Tullio Brusaferro akawa wa kwanza kuvuka mstari. Tullio alikuwa mtu wa kaskazini, mwenye gari alilolitengeneza na kaka yake kwenye banda la ng'ombe, bila tajiri wala mdhamini. Kanuni yetu ilisema gari na dereva wake kwa pamoja wasipungue kilo mia sita. Tullio alipungua kilo moja. Kilo moja tu, ndugu zangu, hata mfuko wa unga unazidi. Nerina akamtoa, ushindi ukaja kwa Bassani, na sisi tukamnyanyua Nerina juujuu mpaka baa. Alikuwa akipiga mateke akitaka tumshushe.

Kabla hatujamnyanyua, Tullio alikuwa amemsogelea. Nilisikia kwa sababu kibanda changu cha kutangazia kiko juu ya mizani.

"Dada, sikatai, nimepungua," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Na wao ungewatoa?"

"Watapita hapahapa," Nerina akamjibu. "Wewe kaa utazame."

Tullio alitikisa kichwa kama mtu aliyezoea kudanganywa kwa upole. Naamini uso ule ulimkaa Nerina rohoni mwaka mzima.

Basi mwaka uliofuata, mbio zilezile za nyumbani, aliyetangulia kuvuka mstari, kwa gari letu la njano, alikuwa Devis, mtoto wa Ornella. Ornella ni mdogo wake Nerina, tumbo moja. Devis alilelewa nyumba mbili, akila kwa mama yake na kuadhibiwa kwa mama mkubwa. Uwanja mzima ulilipuka. Mimi nilipiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka koo likaniwasha, na sioni aibu kusema nilitokwa na machozi.

Sasa, hapa kwetu kuna desturi ya paja. Vilmer mchinjaji humtuza dereva wa Bassani akishinda nyumbani paja zima la nguruwe, lililokaushwa kwa chumvi kwa miezi. Zamani alilitoa jukwaani, lakini mwaka mmoja watu walivamia jukwaa na paja likapotea, likasikika limeliwa kijiji cha pili. Tangu hapo Vilmer humngoja dereva kwenye mstari wa mwisho, humwekea paja mapajani ndani ya gari, na dereva hulipakata kama mtoto mchanga akielekea kupimwa, watu wakishangilia. Wageni wakishinda hupewa mkono tu. Tangu Nerina ashike mizani, dereva wetu hakuwa ametangulia kuvuka mstari nyumbani, hivyo paja lilikuwa halijamfikia. Lilipita zamani za mzee wa divai, na mzee wa divai hakuona kitu.

Devis akaja polepole, paja kifuani, usukani umebanwa na nyama. Akatamka, "Sifuri." Akapanda. Mizani ikasoma mia sita na nne. Umati ukapiga mbinja za furaha, na mimi nikavuta pumzi nitangaze.

"Devis," Nerina akasema, "hicho ulichopakata ni nini?"

"Mamkubwa, si unaona? Ni paja la Vilmer."

"Limekimbia mbio?"

"Hapana."

"Basi lishuke."

Vilmer akatoka mbio na aproni yake. "Nerina, usinivunjie heshima mbele za watu! Hiyo ni zawadi!"

"Zawadi sijaikataza. Mpelekee nyumbani, mpe na mkate. Mimi napima gari na dereva."

"Mbona miaka ya nyuma halikushushwa?"

Nerina akageuka. Gari la Tullio lilikuwa nyuma, la pili, linangoja zamu. "Tullio! Umewahi kupewa paja hapa?"

"Mimi hapa hata mkate sijawahi kupewa," Tullio akajibu, na hata baadhi ya watu wetu wakacheka bila kutaka.

Ndipo akaja Fulgenzi, mwenyekiti wa kamati ya mbio, mtu wa tai na maneno laini. Akasema kanuni inataka dereva apimwe kama alivyofika mizanini. Nerina akamwambia mstari wa mwisho Devis aliuvuka mikono mitupu, na paja lilipanda gari bendera ikishashuka.

"Au tufanye hivi, mwenyekiti. Kila dereva apewe paja lake, niwapime wote upya. Vilmer, unayo mangapi?"

"Nina hilo moja," Vilmer akanong'ona.

Fulgenzi akamsogelea sikioni, ila mimi nipo juu yao na masikio yangu ni mazima. "Bi. Gualandi, unafahamu kwamba Bassani wana haki ya kumkataa afisa wasiyemtaka. Timu nyingine hazina haki hiyo. Wao wanayo."

"Waitumie," Nerina akasema. "Kesho. Leo bado niko hapa."

Devis alikuwa amekaa na lile paja, uso umempauka. Kijana hakujua. Baadaye ndipo ilipovuja kwamba mafundi asubuhi ile walitoa vyuma vya uzito chini ya kiti chake, wakitegemea nyama ya Vilmer iwafunikie. Lakini dereva analijua gari lake kama mtu anavyokijua kiatu chake, na nadhani wakati ule alianza kuelewa kwa nini lilikuwa jepesi vile kwenye kona. Aliangalia umati, akamwangalia mama yake aliyesimama kwenye uzio, mkono mdomoni. Kisha akalinyanyua paja na kumpa Vilmer.

Mia tano tisini na tano. Kilo tano pungufu.

Nerina aliinama akamshika bega. Sauti yake ya kufukuza kuku haikuwepo. "Umetoka, mwanangu," alisema, na machozi yakamshuka hadharani, wala hakuyafuta.

Fulgenzi alinipungia mkono, nisitangaze. Nikanyamaza. Moyo wangu wote ulitaka kunyamaza, nawaapia. Nilitamani umeme ukatike, mvua inyeshe, kanisa liungue, chochote kile.

"Learco!" Nerina akaniita kutoka chini. "Umelala huko? Watu wanangoja."

Nikatangaza. Mshindi, Tullio Brusaferro. Chupa zilirushwa. Tullio alisimama jukwaani peke yake, wimbo wa taifa ukizomewa, na alikuwa analia kama mtoto.

Bassani waliitumia haki yao, tena bila kuchelewa. Msimu wa matunda ya kiwi haujaisha, Fulgenzi alikwenda ushirika kumwambia Nerina kwamba asihangaike kuja tena uwanjani. Majirani waliacha kumsalimia. Mwoka mikate alimhudumia bila kumtazama. Lililomuuma ni Ornella: kila Jumapili Nerina alikula supu ya kapeleti, vile vitambi vya kujazwa jibini, kwa mdogo wake, na majira yale yote ya baridi hakuitwa. Nilimtembelea mara moja nikamkuta anakula peke yake, redio imewashwa kwa sauti kubwa.

"Wamekukasirikia sana," nikamwambia.

"Wana haki yao," alisema. "Lakini wapange foleni, maana mdogo wangu yuko mbele."

Hakuwahi kusema alifanya vizuri. Alisema tu kwamba angempitisha Devis, asingeweza kumwangalia Tullio usoni, basi.

Mbio za kwanza za majira ya kuchipua, mizani ilikuwa na bwana mpya, rafiki wa Fulgenzi, mwenye tabasamu na suruali iliyopigwa pasi. Nerina alikata tiketi kama mtu yeyote, akakaa kwenye viti vya watazamaji na mkate wake wa piadina. Bassani hawakuwa wajinga, walikuwa wamerudisha vyuma vyote chini ya kiti na kuongeza kimoja. Devis akaendesha kama shetani, akawa wa kwanza tena, na Tullio wa pili.

Devis alipofika mizanini, yule bwana akampungia mkono apite. "Twende, bingwa, twende. Tunawajua ninyi."

Devis akazima injini. Gari likawa limeziba njia.

"Mwiteni mama mkubwa wangu," alisema.

Fulgenzi akaja mbio. "Kijana, usituaibishe. Timu yako mwenyewe imemkataa."

"Timu yangu imemkataa. Mimi sijamkataa."

"Lakini gari lako ni halali! Hakuna anayebisha!"

"Hakuna anayebisha kwa sababu ni la njano," Devis akasema, na sasa alikuwa anapaza sauti, watazamaji wa karibu wakamsikia. "Ushindi wa namna hiyo nitaupeleka wapi? Namtaka yule ambaye angenitoa."

Nyuma yake Tullio naye akazima injini. Kisha wa tatu. Kisha wa nne. Injini ya mwisho ilipozimwa, nilisikia bendera zikipigwa na upepo.

Sikungoja ishara ya Fulgenzi. Niliwasha kipaza sauti nikamwita Nerina Gualandi ashuke. Alinifokea tangu ngazi ya juu mpaka ya chini kwa kumkatizia chakula. Watu wakampisha njia, na Ornella ndiye aliyempokea ule mkate ili mikono yake iwe huru.

Alimpima Devis mara mbili. Alikuwa amezidi kilo tatu.

"Umeshinda," alimwambia, na yule kijana akafunika uso kwa glavu zake palepale ndani ya gari.