Sweta la Mama Popo

Mama mdogo alifanya kazi makumbusho miaka thelathini na mmoja, mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Popo. Alikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha mbawakawa wadogo wala mizoga: ukiwawekea mnyama aliyekufa, wanakula nyama yote, wanabakiza mifupa. Kingine cha droo za ngozi za popo wa matunda, zimejazwa pamba na waya, manyoya yao bado laini.

"Popo anazaa mtoto mmoja, anamlea," alizoea kuniambia. "Mbawakawa anataga mayai kibao, wala hageuki kuyatazama. Popo akila tunda, mbegu anaitema mbali, mti unaota. Mwenzake hapandi kitu. Anamaliza tu."

"Sasa unampenda nani?"

"Popo. Yule mwingine namwogopa; akikosa nyama, anakula hata ngozi kavu na sufu."

Ndiyo maana alikuwa na sheria: asubuhi popo, mchana wadudu, na koti la kazi linavuliwa mlangoni. Droo ya juu ilikuwa na popo ambaye msitu wake ulishafyekwa; wa aina yake hakubaki mwingine popote. Ijumaa mama mdogo alikuwa anastaafu, na huyo popo ndiye aliyetaka kumkabidhi kwa mtunzaji mpya kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano jioni nilimkuta anakunywa chai, amevaa sweta la sufu nililomfumia baridi ilipoanza, miezi mitatu nyuma. Kiwiko kilikuwa na tundu. Mimi hasira zangu ziko karibu.

"Loo! Nimefuma mpaka vidole vikafa ganzi, wewe unaliunguza jikoni?"

"Sijaliunguza, mwanangu."

Nikaukunjua mkono wa sweta nione vizuri. Kiwavi kidogo chenye vinyweleo, mtoto wa mbawakawa, kikadondoka mezani, kikaanza kutembea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikudhani nitakiona kwa macho yangu.

"Kazini unalivaa?" nikauliza.

"Chini ya koti," akasema. "Kila siku. Vyumba vyote viwili." Akalivua sweta palepale. Niliogopa, jamani, niliogopa sana.

Alhamisi asubuhi nikamsindikiza. Droo nilimfungulia mimi. Popo alikuwa amelala vilevile, mabawa yamekunjwa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mama mdogo akasogea karibu. Aliinama akampuliza taratibu, kama alivyokuwa akinipulizia uji nikiwa mdogo.

Manyoya yote yakapeperuka. Ikabaki pamba na waya.

"Kesho nakabidhi," akasema.