Safu Nilizozizima

Mpaka leo sitaki hata kuiona ile bodi. Niliichora mwenyewe, chumbani kwangu mtaa wa Galbet, feni ikinipulizia vumbi usoni: bodi ya umeme ya safu nne za shaba zilizolaliana moja juu ya nyingine, ya kuendesha mtambo wa kupozea maziwa ya ngamia. Upande mmoja uliingia umeme wa ukutani, ule wa kuua mtu. Upande wa pili ulikuwa na umeme mdogo wa vitufe vya kubonyeza kwa kidole. Katikati niliacha nafasi pana, tupu, safi, ili umeme wa huku usivukie kule. Nilivyojisifu siku hiyo, we!

Mtambo wa kwanza kampuni yetu ilimpa mama mmoja muuza maziwa sokoni, mingine ikapelekwa Bute na Buna. Wiki chache baadaye nikapita kwake kunywa chai.

"Fundi," akaniambia huku anacheka, "hii mashine yako iko na hasira. Inauma mkono."

Chai ikanishinda. Nikakimbia nyumbani, nikafungua mchoro. Safu ya juu, safi. Ya chini, safi. Ndipo nikakumbuka uvivu wangu: nilipokuwa nachora, nilizizima safu mbili za ndani kwenye skrini ili zisinichanganye macho. Nikaziwasha. Lahaula! Shaba ya upande wa vitufe ilikuwa imetapakaa huko ndani mpaka karibu na pini za kuingizia umeme wa ukutani, imebakiza mwanya mwembamba kama unywele. Kwa joto na vumbi letu hili, umeme unauruka! Uchafu mtupu, na aliyeuchora ni mimi, eti mtaalamu.

Nikampigia bosi wangu aliye Nairobi, nikamwambia mitambo yote izimwe, na ile ya Bute na Buna pia. Akaguna.

"Si ilipita majaribio? Waambie wavae ndara za mpira."

Wavae ndara! Ptuu! Nilikata simu kabla sijamtukana.

Nikarudi sokoni na plaisi. Nikachomoa plagi, nikaukata waya mbele ya yule mama.

"Mama, usiiguse tena. Hii ingekuua."

Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anafunika mitungi yake.

"Wallahi nilijua iko mbaya," akasema. "Lakini maziwa ikiharibika tutakula nini? Ndiyo maana kila asubuhi nawasha mwenyewe. Msichana wangu iko na mimba, nilimkataza kuigusa."