Dereva Ndiye Kachagua Mlima wa Theluji

Leo bosi kaniuliza familia yake ikateleze kwenye theluji mlima gani.

Mimi, dereva!

Tulikuwa kwenye foleni mtaa wa Abu Hamour, huku Uarabuni. Huko Ulaya kuna milima miwili jirani, mmoja mkali, mwingine wa wanaojifunza. Bosi na binti yake wanataka mkali. Madam, mkewe, anataka ule mwepesi. Wamebishana tangu tulipotoka mtaa wa Lusail.

Bosi akachoka. "Saidi, wewe si ulibeba mizigo Kilimanjaro? Sema basi."

Nikajibu bila kupepesa macho, kwa Kiarabu changu cha barabarani: "Kambi huwekwa pale anapoweza kufika mnyonge wa kundi. Laleni mlima mwepesi. Anayejua kuteleza kwa ubao apande basi asubuhi, aende ule mkali."

"Sawa. Na mnyonge wetu ni nani?"

Jamani, swali lile!

Binti akamtazama baba yake. Madam akamtazama. Na mimi macho yakanitoroka, yakaenda kwenye kioo, kwa bosi.

Bosi akakohoa, akamgeukia binti. "Yalla, haya basi, tutalala mlima mwepesi. Kwa ajili ya mama yako."

Madam akacheka mpaka akavua miwani.

Wapagazi wenzangu wa Moshi, mnawakumbuka wageni wa hivi? Kila mwanamume aliyeshindwa alishuka kwa ajili ya mkewe.