Chini ya Vistari Vitatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusalimia.

Kuna programu huria ambayo waandishi wa programu huitumia kutunza historia ya kazi zao: nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Programu hiyo nayo hutengenezwa na watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuonana. Ukiona kasoro, unaandika marekebisho, ambayo tunayaita kiraka, unayatuma kwa barua pepe kwenye jukwaa ambalo kila mmoja analisoma. Wenzako wanakikagua mstari kwa mstari. Wasiporidhika wanakurudishia, unarekebisha, unatuma tena, na hivyo hivyo mpaka kikubaliwe au wewe mwenyewe uchoke.

Basi mimi, siku natuma kiraka changu cha kwanza, nikaanza kama nilivyolelewa. Nikauliza habari za kazi, habari za nyumbani, nikasema mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo na familia zenu. Yote hayo kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya jukwaa. Jibu likaja kutoka kwa mkaguzi mmoja wa nchi ya mbali yenye baridi. Hakusema hajambo wala ana mafua. Aliandika kwamba katika kila kiraka pana mstari wenye vistari vitatu tu. Kilicho juu ya vistari kinaingia kwenye historia na hakitoki tena. Kila atakayeichukua programu atakibeba. Kilicho chini ya vistari ni maneno kwa wakaguzi tu, na kiraka kikikubaliwa maneno hayo yanadondoka. "Salamu zako ni nzuri," alimalizia, "ila zihamishie chini."

Nilinuna. Mimi ni mwepesi wa kununa, mama yangu anasema nilianza kununa kabla ya kuota meno. Nikajisemea, hawa watu wanaingiaje kwenye nyumba ya mtu bila hodi? Lakini nilikuwa nakitaka kiraka changu, kwa hiyo nikazishusha salamu chini na kuzifupisha, nikatuma.

Safari hii, baada ya kunionyesha makosa yangu yote, aliongeza mstari mmoja mwishoni: kwamba yeye hajambo, na kwao theluji imeanza kuyeyuka.

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana. Juu ya vistari tulikuwa watu wa kazi, hakuna kuoneana haya. Aliniambia waziwazi kwamba mstari fulani ni wa hovyo, nami nilipomkagua yeye nilimwambia vivyo hivyo, kwa raha kabisa. Chini ya vistari tulikuwa na mambo mengine. Nilimwandikia kwamba kwa mama, kijijini Isansa, kahawa imechanua na shamba zima linanukia. Aliniandikia kwamba anaishi peke yake na anakula mkate na supu ileile wiki nzima. Nikamwambia huo si uzima. Sikumwuliza umri, lakini subira yake ilikuwa ya mtu mzima, kwa hiyo siku moja nikamwandikia "Shikamoo", nikamweleza ni neno la nani kwa nani na kwamba anayeamkiwa hujibu "Marahaba". Tangu siku hiyo kila nikimtumia shikamoo, chini ya vistari alinijibu marahaba. Hakukosa hata mara moja.

Wasiojua wataona ni jambo dogo. Mimi nakaa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, chumba na sebule, peke yangu. Nje malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanapiga soga, wanapika chai kwenye majiko yao madogo ya gesi, na mimi niko ndani na kompyuta. Majirani wanajua nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakala wa forodha Tunduma mjini, natengeneza kompyuta zao na programu yao ya kufuatilia mizigo. Hilo wanalielewa. Hili la viraka hawalielewi. Wengine wanaamini natapeli watu mtandaoni, na wanashangaa mbona sina gari. Mama ndiye aliyejaribu. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, hao watu unaowasahihishia kazi, ni wanafunzi wako?" Nikasema hapana. "Ni mabosi wako?" Hapana. "Basi ni nani wako?"

Upweke wa kazi yangu ndio huo. Si kwamba hakuna watu. Watu wapo, Tunduma watu wanagongana mabega, ila unalofanya kutwa nzima huna wa kumsimulia jioni. Nilikuwa naye mmoja, tena chini ya vistari.

Kiraka ninachotaka kukisimulia kilianzia ofisini. Nina mwenzangu mmoja pale, tunaandika naye ile programu ya mizigo. Yeye hushinda upande huu asubuhi, mchana huvuka kwa miguu kwenda tawi letu la Nakonde, Zambia, na kompyuta yake begani. Sasa Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mtu mwingine angeiambia kompyuta kwamba amehama nchi, nayo ijirekebishe yenyewe. Huyu, kama watu wengi wa mpakani, hakuwa na muda huo. Simu zetu pale mjini zikidaka mnara wa ng'ambo zinajirudisha nyuma zenyewe, kesho zinarudi mbele, kwa hiyo watu wamezoea kuzima hayo mambo na kusogeza saa kwa mkono. Yeye alisogeza kwa mkono kila alipovuka.

Matokeo yake ni kwamba kazi aliyoifanya Nakonde saa saba mchana ilionekana kufanyika kabla ya ile niliyomkabidhi mimi Tunduma saa saba na nusu, ambayo ndiyo aliyoanzia. Mtoto akaonekana kumtangulia mzazi wake, maana kazi unayoanzia tunaiita mzazi. Nilipoitafuta kazi ya siku ile, programu ya historia ikafika kwenye hiyo saa ya uongo, ikadhani imeshafika kwenye mambo ya zamani, ikaacha kutafuta. Kazi yangu ya nusu siku haikuonekana. Nilimgombeza mwenzangu mpaka akaniambia, "Dada, mimi nimesogeza saa tu, sijauza shamba lako."

Nikaandika kiraka ili programu ya historia isiamini saa peke yake, bali imtazame mzazi ni nani. Mzee wangu wa marahaba akakirudisha. Nikarekebisha, akakirudisha. Mara ya tatu aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini mtu asogeze saa kwa mkono?"

Nilimjibu chini ya vistari, kwa kirefu, maana nilikuwa na hamu ya kuongea. Nikamweleza mpaka wetu, mji mmoja nchi mbili, soko moja saa mbili. Nikamweleza kwamba ukiahidiana na mtu hapa ni lazima uulize, saa ya wapi? Na kwamba wapo ndugu wa tumbo moja, mmoja Tunduma mwingine Nakonde, wanaokwenda ibada kwa saa tofauti.

Alijibu kwamba hajapata kusoma sababu nzuri kama hiyo. Kisha akaniandikia: "Umeiweka pasipo pake. Sababu hazikai chini ya vistari. Ipandishe, ibaki."

Nikaipandisha. Nikatuma toleo la nne, na chini ya vistari nikaandika shikamoo kama kawaida.

Marahaba haikuja.

Kwenye jukwaa letu mtu akinyamaza hafikiriwi vibaya. Watu wana kazi zao, wana watoto wao. Nikangoja. Baadaye nikatuma ile barua fupi ya heshima tunayotuma, ya kukumbusha tu. Kimya. Nikaanza kununa, nikasema labda nimemchosha na hadithi za mpaka. Nilikuwa nafungua barua pepe kabla ya kunawa uso. Kazini nilifungua tena, mwenzangu akanitania kwamba nimepata mchumba wa Ulaya. Sikucheka.

Halafu asubuhi moja msimamizi mkuu wa programu akaandika kwa wote. Alisema mkaguzi wetu alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, hakutaka lizungumzwe, na sasa amefariki. Alisema viraka vilivyokuwa mikononi mwake vitagawanywa kwa wakaguzi wengine. Barua ilikuwa fupi kuliko ya kukataliwa kiraka.

Nilikaa kitandani na kompyuta mapajani. Kwetu mtu akifa, kabla hujamaliza kuangua kilio cha kwanza wanawake wameshaingia, mmoja anakushika, mwingine anauliza kuni ziko wapi. Watu wanalala hapohapo. Mimi nilikuwa na msiba na hapakuwa na wa kuja. Ningemwambia nani, na ningeanzia wapi? Nje dereva mmoja alikuwa anaosha vioo vya lori lake huku anapiga mluzi. Nilitamani kutoka nimwambie anyamaze, nimefiwa.

Nikampigia mama. Nikamwambia kuna mzee niliyekuwa nafanya naye kazi, amefariki.

"Pole, mwanangu. Mtu wa wapi?"

Nikamtajia nchi.

"Ameacha nani?"

"Sijui, mama."

"Wanamzika wapi?"

"Sijui."

Kwenye simu nikasikia kuku wa mama. Kisha akaniuliza kwa Kinyiha, maana mambo mazito huyasema kwa Kinyiha: sasa utamlilia wapi?

Ndipo nilipokwenda kutafuta. Nikaifungua historia ya programu, nikatazama viraka vyote tulivyopitia pamoja. Jina lake lilikuwapo kila mahali kama mkaguzi, limekaa sawasawa, mstari mmoja mmoja. Lakini theluji haikuwapo. Supu haikuwapo. Marahaba zote zilikuwa zimedondoka, kama alivyonieleza siku ya kwanza. Barua zenyewe zimehifadhiwa kwenye jukwaa, ni kweli, lakini nani hufukua barua za watu za zamani? Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba katika historia hiyo kibaki kitu chake ambacho si jina.

Nikaandaa toleo la tano. Juu ya vistari, katika maelezo, nikaweka swali lake neno kwa neno: kwa nini mtu asogeze saa kwa mkono? Chini yake jibu la mpaka. Na mwisho wa maelezo, bado juu ya vistari, nikaandika kwa makusudi, nikijua ninachofanya: Shikamoo, mzee.

Kiraka kiliangukia kwa mkaguzi mwingine, mtu wa haraka haraka, asiye na maneno mengi. Alisema msimbo, yaani maagizo yenyewe ya kompyuta, uko sawa. Swali na jibu vibaki, vinaeleza sababu. "Ila huu mstari wa mwisho uko kwa lugha nisiyoijua, na nilipoutafsiri nimeona hauelezi badiliko lolote. Tafadhali uhamishie chini ya vistari au uufute."

Nilichemka. Niliandika jibu refu la kumkomesha, kwamba sisi si mashine, kwamba aliyekufa alikuwa na adabu kumzidi. Sikulituma, lakini sikulifuta pia, nilitembea nalo siku kadhaa. Ofisini mwenzangu akaona sili, akaniuliza, nikajikuta nimemweleza yote, shikamoo na marahaba na theluji. Nilidhani atanicheka. Alikaa akizungusha kikombe chake cha chai, kisha akasema, "Dada, hiki kiraka chenyewe si ndicho alichokitaka huyo mzee? Sasa unakizuia kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Na aliyeyasema hayo ndiye aliyesogeza saa.

Jumamosi, mchana, nikaishusha ile salamu. Nikaikata juu, nikaibandika chini ya vistari vitatu, Shikamoo, mzee, peke yake, nikatuma. Kabla ya jua kuzama kiraka kikakubaliwa. Barua ya mkaguzi ilisema: kimepokelewa, asante. Swali la mzee likaingia kwenye historia, na Tunduma yetu pamoja nalo. Nilishuka mpaka mwisho wa barua, nikatazama palipokuwa na salamu yangu. Hakuna aliyeigusa. Salamu kwa mkubwa isipoitikiwa inauma, hata kama unajua kwa nini.

Nikampigia mama, sina la kumwambia. Akasikia sauti yangu, akaniuliza kama ni habari ya yule mzee bado. Nikamweleza kazi imekwisha, imepokelewa, ila nilimwamkia na hakuna wa kuitikia.

"Alikuwa anaitikiaje?" mama akauliza.

"Kama sisi, mama. Nilimfundisha."

Nikasikia ameweka chini kitu alichokuwa nacho mkononi, nadhani ni ungo.

"Haya," akasema. "Mwamkie tena."

"Mama..."

"Mwamkie, nimekaa hapa."

Nikafumba macho. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, kwa sauti nzito aliyoitafuta kifuani. Nikaangua kilio, na yeye kule Isansa hakukata simu.