Kumfundisha Mbwa wa Marehemu

Mbwa niliyeachiwa na marehemu mume wangu alikuwa mkubwa tayari, ameota mvi kidevuni, na kila aliyesikia nataka kumfundisha alinicheka. Walicheka weee, mpaka wakachoka. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Askari wa mgodi alikuwa amekuja mpaka mlangoni kwangu, bunduki begani, kuniambia kwamba kichaa cha mbwa kimeingia upande wetu wa Geita na amri imetoka: mbwa anayezurura apigwe risasi.

"Wako namjua, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nikimkuta tena pale shimoni, usije kunililia."

Pale shimoni ndipo alipo mume wangu. Ulikuwa mgodi mdogo wa dhahabu, si mbali na nyumbani, miaka ile baada ya vita ya Hitila. Asubuhi mume wangu akishuka, mbwa alijilaza juu, kando ya mdomo wa shimo. Wachimbaji wakitaka kupandishwa waligonga bomba la chuma kwa nyundo, ta, ta, ta, na wenzao wa juu wakaanza kuzungusha winchi. Mbwa aliisikia ile sauti kabla ya watu. Anasimama, anatikisa mkia, anachungulia chini. Wachimbaji walinitania kwamba huyo ndiye mke mkubwa, mimi nimeolewa baadaye.

Shimo lilipoporomoka lilimfunika mume wangu peke yake. Watu walichimba huku bomba likilia kutoka chini. Mama mkwe wangu alikaa pale pale kwenye udongo, kiganja juu ya bomba, akimwitikia mwanawe: "Nipo, baba. Nipo." Baadaye bomba likanyamaza. Kuta zikazidi kushuka, wakubwa wakaogopa kupoteza wengine, wakaamuru lifukiwe. Maiti hatukuiona. Mbwa tulimrudisha nyumbani kwa kamba; akaitafuna, akarudi kulala juu ya ule udongo. Nikamfunga tena, akatafuna tena. Nikisema huyo mbwa alinitoa jasho, sisemi uongo.

Aliyenipa akili ni jirani yetu, Msukuma mmoja aliyerudi kutoka Burma na koti lake la jeshi. Huko vitani alimwona mzungu akimfundisha mbwa kwa kidude cha bati kinacholia kikibonyezwa. Mbwa akifanya jambo unalolitaka, kidude kinalia papo hapo, kisha anapewa chakula. Fimbo haimo kabisa.

"Bati halina hasira, shemeji," akaniambia. "Wewe unazo."

Kweli ninazo. Akanipa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, akanionyesha namna ya kukibonyeza katikati kwa kidole gumba. Mwanzoni usimdai mbwa kitu, akasema. Kikilia, mpe samaki, basi, mpaka aelewe kwamba mlio huo ni wa heri.

Nikakaa uani na bakuli la furu wakavu. Nikabonyeza. Ta!

Mbwa hakuwatazama hata hao samaki. Alisimama, masikio juu, akaanza kutikisa mkia na kuzunguka ua akinusa chini. Nikadhani amestushwa na ukali wa sauti, nikakifunga kile kifuniko kwa kitambaa, nikabonyeza tena. Sasa mlio ukatoka mzito, wa mbali, kana kwamba uko chini ya ardhi. Mbwa akaanza kufukua. Nyuma yangu mama mkwe akatokea jikoni, unga wa mtama mikononi, macho yamemtoka.

"Anagonga," akasema. "Umemsikia?"

Jamani! Nikamwonyesha kifuniko, nikakibonyeza mbele ya macho yake, nikamweleza. Akanitazama kama mwongo. Nilikitupa chooni siku ile ile, lakini ubaya ulikuwa umeshaingia. Ukuni ukipasuka motoni, ta. Tone la maji likianguka kwenye sufuria, ta. Nami nasimama na mwiko mkononi, nasikiliza. Niliiogopa nyumba yangu mwenyewe.

Jirani hakukata tamaa. "Basi tumia ulimi," akasema. "Ule mlio wa kumswagia punda." Mlio huo mbwa hakuwa na habari nao. Ulimi, samaki. Ulimi, samaki. Haikupita muda akawa ananitazama mdomo. Ndipo nikaanza kumdai: nikimwita akageuza kichwa, ulimi unalia; akija, unalia tena, anakula. Akaanza kushinda nyumbani, akanifuata kisimani na kurudi. Mama mkwe alituangalia tu.

Kisha mgodi ukafungua shimo jingine, karibu zaidi na kwetu. Hakuna aliyeniambia. Asubuhi moja napepeta mtama, likaja: ta, ta, ta. Safari hii bomba la kweli. Mbwa akatoka mbio, na kule mbele njiani namwona askari yule yule anakuja, tayari anaishusha bunduki begani.

"Njoo!" nikapiga kelele. "Njoo!"

Mbwa akasimama. Bomba linagonga, masikio yake yako huko, mwili mzima unamtetemeka. Halafu akageuza kichwa kunitazama. Papo hapo nikaliza ulimi. Akarudi, mbio zile zile.

Askari akairudisha bunduki begani. "Haya mayu, huyo sasa ni wa nyumbani," akasema, akapita zake.

Nilipiga magoti, nikamwaga samaki wote, nacheka na kulia kwa pamoja. Nikageuka nimwambie mama mkwe kwamba tumemwokoa. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Bomba lilikuwa bado linagonga.

"Alikuwa amebaki huyo tu," akasema. "Sasa mwanangu akigonga, nani atamwitikia?"

Mbwa alikuwa akinilamba vidole.