Chai Iliyogoma Kumwagwa

Mkuu wa shule aliniambia atakuja kuangalia somo langu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, na yeye ndiye angeamua kama nitabaki hapa Takoma Park, Marekani, kufundisha darasa la nne au nitarudi kwenye kazi ya kutunza wazee.

Somo lilikuwa lile la walowezi wa Amerika waliotozwa kodi na mfalme wa Uingereza bila kuulizwa, wakaona bora waitose chai baharini. Mimi mtu wa Tanga, kisa hicho hunichoma. Chai! Hawakuona kitu kingine cha kumwaga?

Nilipanga watoto waigize. Mimi mfalme, wao walowezi, beseni la bluu ndiyo bahari. Mtu mwenye akili zake angechemsha maji na majani, basi. Mimi mkono ulikataa. Nikaipika chai inavyopikwa, kwa maziwa, tangawizi na iliki, nikaibeba na mandazi, wazazi wakiwa wamesharidhia.

Mkuu aliketi nyuma na kikombe chake na andazi lake. Ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na hukizungumza kwa adabu kuliko sisi wenyewe. Nikapaza sauti: "Walowezi, mwageni!"

Hakuna aliyemwaga. Walikuwa wameshaonja.

"Tutalipa kodi," akasema mmoja, na wenzake wakamuunga mkono, midomo imejaa maziwa. Mapinduzi yakafa palepale. Nikajiona nimeshafukuzwa.

Kwa hasira zangu, ambazo nimezaliwa nazo, nikatangaza kwamba kodi ni nusu andazi. Nikapita meza kwa meza nikimega na kula mbele yao. Walinuna, lakini walitoa. Nikaanza mzunguko wa pili. Nilipofika nyuma, mdomo umejaa, kabla sijajua ninachofanya nikawa nimemega nusu ya andazi la mkuu wa shule.

Binti mmoja, ambaye wazazi wake wametoka Kongo na ambaye siku zote nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, akasimama.

"Mwalimu, that's not fair! Hata haukumuuliza!"

Akaenda kwenye beseni, akamwaga chai yake yote. Wenzake wakamfuata kwa makelele. Tangawizi yangu, iliki yangu, maziwa yangu, vyote baharini! Niliumia, na papo hapo nikafurahi mno. Wiki nzima nilikuwa nawaeleza habari ya kutoulizwa, wakipiga miayo tu.

Mkuu alikuja wa mwisho. Akasimama mbele ya beseni, akakitazama kikombe chake, kisha akakinywa chote.

"Samahani, Mfalme, mimi nimeshindwa," alisema. "Mwakani, tafadhali, upike chai nyingi zaidi."

"Mwakani?" nikauliza.

"Ndiyo, mwakani," akasema, akaninyooshea kiganja. "Sasa naomba nusu ya andazi langu."