Dawa Hii Si ya Nyumba Nzima

Mara ya kwanza nilipopewa kusoma Neno kanisani, nilipiga mbweu kwenye kipaza sauti. Haikuwa ndogo. Ilitoka kati ya "Bwana" na "akasema", na mtoto mmoja wa kiti cha mbele akaitikia, "Amina."

Nilitaka kuhama Chaani. Mimi ni mtu wa haya. Hata kinyozi akiniuliza nataka mtindo gani, namwambia ule anaoupenda yeye. Lakini mchungaji akasema nitasoma tena baada ya Jumapili tatu, ili niondoe woga. Woga haukuwa shida. Shida ilikuwa kiungulia. Nafanya kibarua kwenye bohari la ngano, na kila nikiinama kushika gunia, asidi ya tumbo ilikuwa ikipanda hadi kooni kama maji ya betri.

Jumatatu nikaenda duka la dawa. Mama anayeuza pale amesomea dawa, ila sauti yake ni ya kuuzia samaki. Nyuma yangu palikuwa na foleni.

"Unatapika damu?"

"La."

"Choo je? Ni cheusi?"

Nikatazama dari.

"Nauliza choo, kijana! Ni cheusi kama lami?"

Mtu wa nyuma yangu akasogea kando ili anione uso. Nikatikisa kichwa. Yule mama akanipa vidonge kumi na vinne na maelezo marefu, nami nikaitikia yote. Ukweli ni kwamba baada ya "lami" sikusikia kitu.

Nyumba tunayokaa ina vyumba sita na ukumbi mmoja katikati. Asubuhi mama yangu aliona nataka kumeza kidonge kabla ya chai, akaninyang'anya.

"Dawa kwenye tumbo tupu? Itakutoboa!"

Akanilisha maharagwe na chapati mbili kwanza. Kisha akalifungua ganda la kile kidonge, akamwaga punje zake kwenye chai ya moto, zishuke vizuri.

Tena nyumbani kwetu dawa ni kama chumvi: aliye nayo huwapa wenzake. Kichwa kikiuma unaenda chumba cha pili, kikohozi unaenda cha nne. Kopo langu likawekwa dirishani ukumbini, na habari zikaenea kwamba kijana ana dawa ya shibe. Bibi wa chumba cha kwanza, Mdigo mwenye maradhi ya moyo na mdomo usio na maradhi yoyote, alimeza kimoja kila alipomaliza wali.

"Wallahi, mjukuu wangu, hiki chako chapita soda," aliniambia.

Siku ya tano kiungulia kilikuwa palepale, na kopo lina vidonge vitatu. Nilijiona tena mbele ya kile kipaza sauti. Ilibidi niseme neno, nami kusema siwezi, basi nikaandika. Shule niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito. Karatasi ile ilikula alasiri nzima. Nikaibandika kwenye kopo: DAWA HII SI YA NYUMBA NZIMA.

Mama akaisoma kwa sauti ukumbini.

"Kumbe ana mdomo!" akasema bibi.

"Ni mkono tu huo," mama akajibu.

"Haya, na sisi tulioila je? Tuko salama?" bibi akauliza.

Wote wakanigeukia. Mimi nilichokumbuka ni lami peke yake.

Basi tukarudi duka la dawa watu watatu: mimi na kopo, bibi na mfuko wa dawa zake, mama na ubishi wake.

"Nani alikwambia umeze ukishashiba?" yule mama wa dawa akauliza, aliposikia habari ya maharagwe na chapati. Nikamtazama mama yangu. Mama yangu akatazama dari ileile. "Kimoja asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Kinazuia asidi kabla chakula hakijaiita. Na kinamezwa kizima! Zile punje zimefunikwa makusudi, zisiharibike tumboni kabla ya wakati. Siku kumi na nne, hupati nafuu, urudi. Usijiongezee mwenyewe."

Kisha akaupekua mfuko wa bibi, akatoa pakiti moja.

"Bibi, hii ya moyo na zile za kijana huenda zisipatane. Usimeze tena vidonge vyake mpaka daktari wako aseme. Na choo je, ni cheusi?"

Bibi akaegemea meza vizuri.

"Cheusi, hapana. Lakini afadhali umeniuliza, mwanangu. Tuanze Alhamisi..."

Akaeleza kuanzia Alhamisi hadi siku hiyo, bila kuruka hata moja, na foleni ikasubiri. Niliona wivu.

Nikaanza upya na vidonge vipya. Mama hakuomba radhi, ila kila asubuhi alisimama mlangoni na chai yangu iliyofunikwa sahani, simu mkononi. "Bado dakika kumi na mbili!" Na kutoka chumba cha kwanza: "Amekimeza kizima?"

Jumapili ikafika. Nilisoma polepole, kama kawaida yangu. Nilipofika kwenye "Bwana", nikanyamaza, nikasikiliza tumbo. Kanisa lote likasikiliza nami. Yule mtoto wa mbele alikuwa ameshafungua kinywa, tayari.

Hakikupanda kitu.

"Akasema," nikasoma.

Mtoto akafunga kinywa, akamtazama mamake kama aliyenyimwa peremende.